Honus Wagner: Mchimba makaa ya mawe aliyekataa kadi, kadi ikageuka mali

Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye wengi wenu nyumbani huenda hamjapata kumsikia, lakini huku Marekani jina lake hutajwa kila inapouzwa kadi ya bei mbaya. Mtu huyo ni Honus Wagner, mchezaji wa besiboli aliyefariki mwaka 1955. Kabla hatujaanza kumweleza, tuseme kwanza kwa nini tumemkumbuka.

Wale mnaoishi huku mnajua kwamba ikifika kiangazi watu hutoa vyombo vyao vya zamani nje ya gereji na kuviuza kwa bei ya kutupa. Miaka kadhaa iliyopita tulipita sehemu kama hiyo tukakuta maboksi matatu ya kadi za besiboli za mwaka 1990. Mwenye mali alituambia kadi hizo ni karo ya chuo kwa mtoto, tuziweke tu na kusubiri. Tukatoa dola 75, tukazibeba, tukaziweka kabatini kama mtu aliyeficha dhahabu. Tulipokuja kuzipeleka kwa mfanyabiashara wa kadi, alifungua boksi moja, akatazama kidogo, akalifunga. La pili na la tatu hakuyagusa. Akatushauri tukawape watoto wachezee.

Tulirudi nyumbani tumenyong'onyea, lakini tukataka kujua: mbona kadi nyingine zinauzwa kwa mamilioni na zetu hazina mnunuzi? Kutafuta jibu ndiko kulikotufikisha kwa Honus Wagner. Anayeyajua maisha ya mtu huyu na safari ya kadi yake hahitaji mwalimu mwingine wa kumfundisha ipi ya kununua na ipi ya kuacha.

Mtoto wa wahamiaji

Jina lake kamili lilikuwa Johannes Peter Wagner. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1874 katika eneo la wachimba makaa ya mawe karibu na jiji la Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Mji huo leo unaitwa Carnegie. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Walizaa watoto tisa, na waliokua ni watano tu. Ndivyo maisha yalivyokuwa kwa maskini wa wakati ule, hata katika nchi hii ambayo leo tunaihesabu kuwa ya neema.

Alipofika umri wa miaka 12 aliacha shule akaingia kwenye kazi ya makaa ya mawe pamoja na baba yake na kaka zake. Kila walipopata nafasi ndugu hao walicheza besiboli. Aliyekuwa na jina kwanza ni kaka yake, Albert, na inasimuliwa kwamba timu ya kaka huyo ilipopungukiwa na mchezaji ndipo Albert akamtaja mdogo wake. Mwaka 1895 Honus akaanza kulipwa kwa kucheza. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Ed Barrow, aliyekuwa na timu katika mji wa Paterson, New Jersey, na mwaka 1897 akapanda hadi ligi kuu na timu ya Louisville.

Kwa kumtazama tu usingemdhania kuwa mwanamichezo. Alikuwa na kifua kipana, mikono mirefu, viganja vikubwa kama sepetu na miguu iliyopinda kama upinde. Lakini akianza kukimbia watu walishangaa. Kwa sababu ya mbio hizo na asili yake ya Kijerumani, Wamarekani walimpachika jina la Mdachi Arukaye. Sisi Waswahili jina hilo halitupi taabu. Wazee wetu wa Tanganyika nao waliwaita Wajerumani Wadachi, na chanzo ni kilekile, yaani neno ambalo Wajerumani wenyewe hutumia kujiita.

Mfalme wa Pittsburgh

Mwaka 1900 ligi ilipunguzwa kutoka timu 12 hadi 8, na Louisville ikawa miongoni mwa zilizofutwa. Mmiliki wake, Barney Dreyfuss, alihamia Pittsburgh Pirates akiwa na wachezaji wake bora, Wagner akiwemo. Kwa hiyo kijana wa makaa ya mawe akarudi kucheza karibu na nyumbani kwao, na hapo akabaki hadi alipostaafu mwaka 1917.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, tueleze kidogo. Mrushaji hutupa mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Kupiga vizuri mara tatu katika kila mara kumi ni kazi ya mabingwa. Katika maisha yake yote ya ligi kuu Wagner alifanikiwa karibu mara 33 katika kila 100, kwa misimu 21. Mara nane alimaliza msimu akiwa mpigaji bora wa ligi yake: mwaka 1900, 1903, 1904, 1906, 1907, 1908, 1909 na 1911. Aliiba vituo zaidi ya mara 700. Mwaka 1914 alifikisha mapigo 3,000, idadi ambayo mpaka leo ni wachache sana wameifikia. Na uwanjani alilinda nafasi ngumu kuliko nyingi, ile iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu.

Si kwamba hakuonja aibu. Mwaka 1903 ilichezwa World Series ya kwanza, fainali kati ya mabingwa wa ligi mbili. Pittsburgh walikutana na Boston wakafungwa michezo mitano kwa mitatu, na Wagner alicheza vibaya. Jambo hilo lilimuuma, na ilimbidi asubiri miaka sita kulifuta.

Mwaka 1909 Pirates walishinda michezo 110, wakahamia kwenye uwanja mpya wa Forbes Field, wakaingia fainali dhidi ya Detroit. Huko Detroit alikuwepo Ty Cobb, kijana mkali aliyekuwa akiogopwa na kila timu. Nchi nzima ilitaka kuona ni nani zaidi. Pittsburgh wakashinda michezo minne kwa mitatu. Wagner, akiwa na umri wa miaka 35, alipiga vizuri kuliko Cobb na akaiba vituo sita. Deni la 1903 likawa limelipwa.

Tumeutaja mwaka huo wa 1909 kwa makusudi, kwani ndio mwaka ambao kadi yake ilichapwa.

Kadi ndani ya pakiti ya sigara

Siku hizo kadi hazikuuzwa peke yake. Kampuni ya American Tobacco, iliyokuwa imeshika karibu biashara yote ya sigara Marekani, ilitia kadi ndogo ya picha ndani ya pakiti. Kadi hiyo iliifanya pakiti isipondeke, na pia ilimvuta mnunuzi arudi kununua nyingine ili akamilishe seti yake. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni hiyo ilitoa kadi za wachezaji wa besiboli ambazo wakusanyaji huhesabu aina 524. Kila moja ina upana usiofika sentimita 4 na urefu usiofika sentimita 7. Seti hiyo leo inajulikana kwa alama ya T206.

Kadi ya Wagner ilianza kuchapwa, kisha ikasimamishwa ghafla. Kwa nini? Hapa kuna maelezo mawili, na watu wanabishana mpaka leo.

Wa kwanza husema Wagner hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake. Wa pili husema alichukia kutumiwa bila malipo ya kutosha. Hawa wa pili hukumbusha kwamba yeye mwenyewe alitafuna tumbaku na kuvuta sigara kubwa, na kwamba picha yake iliwahi kutumika hapo kabla kwenye bidhaa ya tumbaku. Lipo pia simulizi lililochapishwa gazetini mwaka 1912. Kampuni ilimtuma mwandishi wa habari wa Pittsburgh aitwaye John Gruber akaombe ruhusa, na ilimwahidi dola 10 akiipata. Wagner alikataa, lakini hakutaka rafiki yake akose riziki kwa sababu yake, hivyo akampelekea Gruber hundi ya dola hizo 10 kutoka mfukoni mwake.

Sisi tunaona maelezo hayo mawili si lazima yapingane. Mtu anaweza kutumia tumbaku na bado asitake mtoto wa jirani aizoee. Ni wazazi wangapi nyumbani wanaovuta sigara lakini wakimkuta mtoto ameshika kipisi wanamchapa? Na mtu anaweza kukataa kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. La uhakika ni kwamba alikataa, na kwamba kukataa kwake ndiko kulikoifanya kadi iwe adimu. Leo zinazojulikana kuwepo duniani hazizidi 60 hivi.

Somo la kwanza la mkusanyaji liko hapo. Ty Cobb naye yumo katika seti hiyohiyo, tena kwa picha nne tofauti. Cobb alikuwa mkubwa kama Wagner, na wengine wanasema zaidi yake. Kadi zake za T206 zina thamani nzuri, lakini hazikaribii ya Wagner, kwa sababu zilichapwa nyingi na zimebaki nyingi. Kwa hiyo sifa ya mchezaji peke yake haitoshi, na uadimu peke yake hautoshi. Katika seti hiyo wamo wachezaji wadogo ambao hakuna anayewapigania. Bei kubwa huja pale mtu mkubwa anapokutana na idadi ndogo.

Uzee usio na mali

Wagner alioa mwishoni mwa mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 42. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa amefariki, kisha Mungu akawajalia mabinti wawili. Mwaka 1917 alijaribu kuiongoza timu, na baada ya michezo mitano tu, ambayo alishinda mmoja, aliona kazi hiyo si yake akaiacha. Baadaye alifundisha vijana wa chuo mjini Pittsburgh, akagombea cheo cha mkuu wa polisi wa wilaya yake na kushindwa, na akaingia kwenye biashara ya duka la vifaa vya michezo.

Mwaka 1908 mshahara wake ulikuwa umefika dola 10,000, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Lakini mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 haukuchagua. Duka likaanguka, na shujaa wa Pittsburgh akajikuta hana kitu. Mwaka 1933 timu yake ya zamani ilimwita awe kocha wa wapigaji. Kazi hiyo ndiyo iliyomtunza kwa karibu miaka 20. Wachezaji wadogo walikaa karibu naye wakimsikiliza akipiga hadithi, nyingine za kweli na nyingine za kuchekesha tu.

Mwaka 1936 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa watakaoingia katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli. Walipita watu watano tu. Cobb aliongoza kwa kura 222, na Wagner akafungana na Babe Ruth kwa kura 215 kila mmoja. Wengine walikuwa Christy Mathewson na Walter Johnson. Jumba lenyewe lilifunguliwa Cooperstown, New York, mwaka 1939. Mwezi Aprili 1955 sanamu yake ilizinduliwa Pittsburgh, naye akiwa hai ingawa ni mgonjwa. Tarehe 6 Desemba mwaka huohuo alifariki Carnegie, mji uleule aliozaliwa, akiwa na umri wa miaka 81.

Hakuacha utajiri. Ile kadi aliyoikataa haikumpa hata senti, na ipo hundi ya dola 10 iliyomtoka kwa ajili yake.

Fundi wa Syracuse

Hapa tumtaje kidogo mtu mwingine, kwani bila yeye hadithi haikamiliki. Jefferson Burdick, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme katika mji wa Syracuse, New York. Hakuwa tajiri, hakuwa na mke wala mtoto, na ugonjwa wa viungo ulimtesa kwa miaka mingi. Alikusanya kadi za kila namna wakati watu wengine waliziona takataka. Kisha akatunga katalogi ya kuzipanga, na alama ile ya T206 ni yake.

Burdick hakuuza mali yake. Aliitoa zawadi kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kuanzia mwaka 1947 alikuwa akienda huko kuzibandika kwenye vitabu kwa vidole vilivyokakamaa. Kadi na karatasi zake zilizidi 300,000, na kadi ya Wagner ilikuwemo. Aliimaliza kazi hiyo Januari 1963, na Machi mwaka huohuo akafariki. Hakutafuta faida, lakini wafanyabiashara wote waliokuja baadaye wanatumia mpangilio wake. Ukitaka kuchagua kadi vizuri, anza alipoanzia Burdick: jua kwanza kitu ulichoshika ni nini, kilitoka lini, na viko vingapi.

Kadi yaanza safari

Kati ya kadi za Wagner zilizobaki, iko moja iliyo safi kuliko zote. Mwaka 1985 mfanyabiashara Bill Mastro aliinunua New York kwa dola 25,000. Miaka miwili baadaye ikauzwa kwa dola 110,000. Mwaka 1991 ilinunuliwa mnadani kwa dola 451,000 na Wayne Gretzky, yule bingwa wa magongo ya barafu, akishirikiana na Bruce McNall. Mwaka 1995 ikauzwa dola 500,000 ili iwe zawadi ya bahati nasibu. Aliyeishinda mwaka 1996 ni mfanyakazi wa posta wa Florida, na kwa kuwa zawadi kama hiyo hutozwa kodi, hakuweza kukaa nayo. Ikaenda mnadani ikapata dola 641,500. Mwaka 2000 ikafika dola milioni 1.265, na mwaka 2007 ikauzwa mara mbili, kwanza kwa dola milioni 2.35 na kisha kwa dola milioni 2.8.

Tukipiga hesabu kutoka 1985 hadi 2007, ni sawa na ongezeko la takriban asilimia 24 kila mwaka. Lakini tazameni tena. Kati ya 1991 na 1995 iliongezeka kwa dola 49,000 tu, jumla ya asilimia 11 hivi kwa miaka minne. Aliyehitaji pesa zake katika miaka hiyo hakuona muujiza wowote. Faida ilikuwa ya mwenye subira na mwenye pesa nyingine za kulia chakula.

Kisha likaja la kutisha. Kadi hiyo ilikuwa ya kwanza kupimwa na kampuni ya PSA, iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa kazi ya kuthibitisha kadi na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 10. Ilipewa 8. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba kingo zake ni nyoofu mno. Mwaka 2013 Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane safi. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa ulaghai katika mnada wake, ukiwemo ule wa kupandisha bei kwa wanunuzi bandia. Kadi iliyokatwa haistahili alama ile, na wakusanyaji wote wanajua. Ikiwa kadi maarufu kuliko zote iliwapita wataalamu, je, wewe unayenunua kwa mtu usiyemjua kwa kuona picha tu?

Nyingine zisizo safi nazo hazikukaa kimya. Agosti 2021 Wagner yenye alama 3 iliuzwa kwa dola milioni 6.606. Agosti 2022 nyingine yenye alama 2 iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Hata masista wa Notre Dame wa Baltimore, walioachiwa kadi ya Wagner na kaka wa mmoja wao, waliiuza mwaka 2010 kwa zaidi ya dola 200,000, ingawa ilikuwa na mikunjo na kingo zake zilikuwa zimekatwa vibaya. Fedha hizo zilikwenda kwenye huduma zao kwa maskini. Kadi iliyokuwa isaidie kuuza sigara iliishia kulisha wenye njaa, na tunaamini Mzee Wagner angefurahi.

Kwa nini zetu hazina bei

Sasa turudi kwenye maboksi yetu. Mwaka 1990 kila mtu Marekani alikuwa amesikia habari za kadi za zamani. Kampuni zilikuwa nyingi: Topps iliyokuwepo tangu zamani, Fleer na Donruss zilizoingia mwaka 1981, Upper Deck iliyoingia mwaka 1989. Zilichapa kadi bila kipimo, na watu kama sisi wakanunua maboksi wakayafungia. Kila mmoja aliweka akiba kitu kilekile ambacho jirani yake ameweka. Mwaka 1994 wachezaji wakagoma, msimu ukavunjika, na soko likaporomoka. Kadi hizo mpaka leo zimejaa makabatini, na nyingi hazifikishi bei ya boksi zilimowekwa.

Tofautisheni na kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya mwaka 1952. Watoto waliichezea, mama zao wakaitupa, na mwaka 1960 hivi kampuni yenyewe ilizimwaga baharini kadi za mwaka huo zilizobaki bila kununuliwa. Hakuna aliyedhani ni mali. Moja iliyobaki safi, iliyonunuliwa mwaka 1991 kwa dola 50,000, iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Kwa ufupi, kitu kilichotengenezwa ili kiwekwe akiba mara nyingi hakiwi akiba. Kinachokuja kuwa mali ni kile ambacho watu hawakukitunza.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, tunasema hivi. Nunua kadi moja nzuri badala ya boksi zima. Chagua mchezaji ambaye kazi yake imekwisha na heshima yake imethibitika, kwani kijana anayevuma mwaka huu anaweza kuumia goti mwakani. Kadi za kabla ya miaka ya 1970 zina idadi isiyoweza kuongezeka. Nunua iliyokwisha kuthibitishwa na kampuni inayoaminika, na bado uitazame kwa macho yako: kona, kingo, picha iwe katikati. Ihifadhi mahali pakavu pasipofika jua. Kumbuka kwamba katika minada mingi mnunuzi huongezewa asilimia 20 hivi, na hapa Marekani faida ya vitu vya mkusanyiko uliokaa navyo zaidi ya mwaka inaweza kutozwa kodi hadi asilimia 28. Hivyo bei ikipanda kidogo tu, hujapata kitu.

Na la mwisho, ambalo kwetu sisi wa ughaibuni ndilo kubwa zaidi. Kadi haitoi kodi ya nyumba kila mwezi, haizai kama mbuzi, wala huwezi kuikata kipande ukapeleka nyumbani mama akiugua. Anayetegemewa na watu asiweke humo pesa ya dawa, ya karo wala ya kiwanja. Aweke ile ambayo ikipotea atasikitika jioni moja, kesho yake aende kazini kama kawaida.

Honus Wagner aliingia uzeeni akiwa mikono mitupu, lakini aliheshimiwa na mji mzima, na mpaka leo sanamu yake imesimama mbele ya uwanja wa Pirates. Aliombwa picha yake iwekwe kwenye pakiti ya sigara akasema hapana, bila kujua kwamba neno hilo lingekuja kuwa na bei. Sisi maboksi yetu bado tunayo. Tulifuata ushauri wa yule mfanyabiashara, na jioni watoto hukaa chini wakabadilishana kadi, wakigombana nani ana mchezaji gani. Moja tumeikuta imebandikwa kwenye mlango wa friji. Kona zake zote zimekunjika.